Ute Mwekundu kwenye Kioo cha Baba

Ute ule ulianza kama doa la mchuzi kwenye mchanga. Nilidhani baba amedondosha kitu. Baada ya siku nne ulikuwa umetandaa chini kote, mwekundu wa damu iliyoganda, umepanda kioo mpaka karibu na ukingo wa maji, na juu yake kumejaa vipovu vidogo. Nikiukwangua kwa kidole ulibanduka mzima mzima kama utando wa maziwa yaliyochemka. Kesho yake asubuhi ulikuwa umerudi.

Sanduku lile la kioo nililileta mimi. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Bariadi, na lenyewe lilikuwa limekaa miaka kwenye stoo ya maabara, kona moja imepasuka. Siku zile za mwanzo wa soko huria shule haikuwa na chaki za kutosha, sembuse samaki. Nikaliomba, fundi wa vioo vya magari akaziba ufa, nikaliweka sebuleni kwetu chini ya dirisha, mahali ambapo baba alikuwa akikaa kutwa.

Kukaa kwake ndiko kulikonitia hofu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kinu cha pamba, wa kutenganisha pamba safi na pamba fifi, ile chafu ya daraja la chini. Alichota konzi moja kwenye gunia, akaivuta taratibu ikachanuka mbele ya macho yake, akatamka neno moja, na mkulima hakubishana. Wanunuzi binafsi walipokuja na malori yao walijaza safi na fifi kwenye gunia moja. Macho ya baba yakakosa kazi, naye akapunguzwa, kama tulivyokuwa tukisema, utadhani mtu ni chumvi ya mchuzi. Mama alikwisha kufa. Tulibaki wawili, mimi binti yake na yeye, na kila nikitoka shuleni nilifungua mlango kwa woga. Niliamini kabisa kwamba baba atakufa kwa kukaa.

Kitu pekee alichokizungumza siku hizo ni Bukundi, alikozaliwa, na madimbwi ya maji ya chumvi ambamo walikuwa wakikamata perege wadogo kwa vikapu. Nikamsihi dereva mmoja wa lori la ng'ombe. Akanipatia madumu ya maji ya huko, gunia la mchanga, chumvi ya kienyeji ya kuongezea, na perege tisa kwenye ndoo. Saba walifika hai.

Baba aliinuka. Siwezi kulisema vingine. Hatukuwa na mashine ya hewa, kwa hiyo asubuhi na jioni alichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu, mara mia, yapate hewa. Alianza kunyoa ndevu tena. Watu wakasikia kwamba kwa yule mzee wa pamba kuna samaki wanaoishi sebuleni, wakaanza kuja.

Hapo lazima nieleze jambo. Kwetu Usukumani mtu hatoki nyumbani kwa mwenzake na njaa. Ukimkuta ameshanawa mikono, unasogezewa kigoda. Tangu baba aachishwe kazi hatukuwa na cha kumsogezea mtu, na watu, kwa huruma yao, waliacha kupita kwetu saa za kula, halafu wakaacha kupita kabisa. Samaki walimpa baba njia. Aliweka kisahani chenye makombo ya ugali na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopondwa kando ya kioo, na kila aliyeingia alipewa kipande kidogo awalishe.

"Mwangaluka, baba," aliyeingia alisalimu.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Bageni wamekula?"

"Bado. Walishe."

Kila siku ilikuwa hivyo: salamu ya Kisukuma, kisha habari za bageni, yaani wageni, ndio samaki. Mzee mwenzake, waliyefanya kazi pamoja kinuni, alikuja asubuhi kabla hata sijaenda shule. Bibi jirani alikuja mchana na michembe yake mwenyewe, ameifunga kwenye pindo la kanga. Akina mama wa kanisani walipita wakitoka kwenye mazoezi ya kwaya. Baba alikaa pembeni akiwatazama wakilisha, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyewachinjia wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu utotoni, sasa nikauona ukitendeka sebuleni.

Halafu ukaja ute.

Niliukwangua kwa gunzi. Niliufyonza kwa mpira, nikiuvuta kwa mdomo mpaka nikaonja maji yale, chumvi na uvundo. Niliutoa mchanga wote nikauosha kwenye beseni. Siku ya tatu ulikuwa umerudi, mnene zaidi. Perege wawili wakafa. Baba alimtoa mmoja, akamweka kiganjani, akamwinua kwenye mwanga wa dirisha kama alivyokuwa akiinua pamba.

"Fifi," alisema.

Nilicheka. Nilijuta hapo hapo, kwa sababu yeye hakuwa anatania.

Sababu niliijua, na mimi nikishajua kitu sina subira. Chakula kilichobaki kilioza kwenye mchanga, ute ukala uozo ule na kuota jua la dirishani. Nilimweleza baba kwamba samaki watano hawahitaji kula mara kumi kwa siku.

"Mgeni siku mbili, baba, ya tatu mpe jembe. Hawa wana miezi miwili."

Akatabasamu kidogo. "Ng'wanone, mwanangu, unataka nimwambie mtu aliyekuja kwangu arudishe mkono?"

"Ndiyo."

"Mimi siwezi. Sema wewe. Wewe ni mwalimu."

Nilisema. Nilichukua kipande cha ubao, nikaandika kwa chaki, kwa herufi kubwa: USIWAPE SAMAKI CHAKULA. Nikakitundika juu ya kioo. Kisha nikachukua blanketi la kijivu la baba, nikalifunika sanduku lote lisipate mwanga kwa siku tatu. Baba alisema nyumba imekuwa kama ya msiba. Hata hivyo aliendelea kuinua pembe ya blanketi na kumimina maji yake kwa kopo, akihesabu kwa sauti ya chini.

Mzee mwenzake alikuja, akausoma ubao mara mbili, akavua kofia, akakaa kidogo tu. Bibi jirani hakujua kusoma. Aliniuliza kumeandikwa nini, nikamsomea, kwa sauti ile ile ninayomsomea mwanafunzi aliyechelewa. Aliitazama michembe iliyokuwa tayari vidoleni mwake. Akaifunga tena kwenye pindo la kanga, akasema, "Haya, mwalimu," akatoka. Nilimwona akivuka ua, wala sikuona kibaya chochote.

Siku ya nne nilifunua. Ute ulikuwa umekufa, umebaki matambara ya kijivu yanayoelea. Niliufyonza wote, nikabadilisha sehemu ya maji, nikatia chumvi ya Bukundi kidogo kidogo, nikionja. Jua lilipoingia, mchanga ulikuwa mweupe na perege wote watano walionekana, hata miiba ya mapezi ungeweza kuihesabu.

"Baba, njoo uone."

Alikuja, akainama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Safi," alisema.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba na digrii yangu, na hakuna cheti kilichonifurahisha kama neno lile.

Ute haukurudi. Watu nao hawakurudi. Siku ya kwanza nilidhani ni mvua. Wiki ya pili bibi jirani alinisalimia kutoka ng'ambo ya ua, hakusogea. Nikayasikia maneno yenyewe bombani, nimepanga foleni na ndoo yangu, mwanamke aliye mbele hajui niko nyuma yake: kwa yule mzee siku hizi hata samaki wananyimwa. Nilirudi nyumbani nikang'oa ubao, nikaufuta kwa mkono. Baba alikuwa amekaa dirishani. Kopo lilikuwa sakafuni, kavu.

"Umewamiminia maji?"

"Nitawamiminia."

Ndevu zilikuwa zimeota. Hofu ile ya zamani ilinishika tena, nikaenda kwa mzee mwenzake, nikamwomba kama mtoto. Alikubali. Jumapili baada ya ibada alikuja, amevaa koti, akakaa kwenye ncha ya kiti. Baba alikuwa amenyoa. Kisahani kilikuwa mahali pake, na ndani yake ugali wa asubuhi, sehemu yake mwenyewe ambayo hakuila. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua. Kisha baba akamega kipande kidogo, akakinyoosha.

"Walishe."

Mwenzake aliweka mikono nyuma.

"Hapana, ndugu yangu. Binti alikataza, na yeye amesoma."

"Walishe tu, mzee," nilisema. "Sasa nimeruhusu."

Alitikisa kichwa. Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa wema. "Wasije wakafa kwa mkono wangu."

Baba alibaki na mkono umenyooka. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kioo. Mwishowe alikirudisha kile kipande, akakitia kinywani mwake, akakitafuna taratibu, akiangalia maji. Yalikuwa safi kiasi kwamba ng'ambo yake niliuona uso wake wote, na nikaomba, kwa moyo wangu wote, ute urudi.