Rispah na Munyu wa Majivu

Rispah Nekesa hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Mwaka wa 2006, daktari wa kliniki mjini Kitale alimweleza kwamba figo za bintiye Fridah zimechoka na hazitarudi zilivyokuwa, tena asionje chumvi. Siku hiyohiyo Rispah alichukua mkebe wa chumvi akampa jirani. Akahamia kwa binti huyo, fundi wa cherehani asiyeolewa, akawa mlinzi wa kila kilichoingia mdomoni mwake. Asubuhi alimbonyeza miguu kuona kama imevimba. Fridah akitoka chooni, alimwuliza mkojo ulikuwaje, hata mbele ya wateja, mpaka Fridah akamwambia kwamba siku moja atamshonea sare ya polisi.

Miaka miwili ikapita salama. Shida ilikuwa chakula. Mboga isiyo na chumvi Fridah aliitafuna kama karatasi, akaisukuma sahani, akakonda. Rispah alipokwenda maziko ya shemeji yake huko Sirisia, alirudi na chupa ya munyu, yale maji yanayochujwa kutoka majivu ya maganda ya maharagwe. Hulainisha mboga za majani kama kunde na mrenda, na kuzipa ladha. Si chumvi ya dukani, alijiambia, na mimi nimelelewa nao.

Fridah akala. Wiki tatu alimaliza sahani na kuomba zaidi, na Rispah akamshukuru Mungu.

Wiki ya nne Fridah aliharisha siku mbili. Siku ya tatu, akikata kitambaa, mkasi ulimponyoka. Alitaka kuinuka, miguu ikakataa. Tangu alfajiri hakuwa amekojoa. Rispah alimwekea kiganja kifuani, akasikia mapigo yakija moja moja, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Hakungoja. Mume wa Jelimo, jirani yao, aliwapeleka hospitali kwa pikapu, na kutoka huko ambulensi ikawakimbiza Eldoret.

Damu ilipopimwa, daktari aliyeitwa Chelangat alimwambia Rispah kwamba madini ya potasiamu yamejaa mwilini. Figo nzima huyatoa kwa mkojo. Yakibaki, husimamisha moyo. Walimdunga Fridah sindano ya kuulinda moyo, wakampa insulini pamoja na maji ya sukari, huku mashine ya kusafisha damu ikitayarishwa. Kisha daktari akauliza amekuwa akila nini.

Rispah akataja yote. Chumvi? Hata chembe.

"Na mboga za kienyeji, mama, unazilainisha na nini?"

Swali lenyewe lilikuwa limeshamwambia Rispah kosa liko wapi. Akisema, wodi nzima itajua ni nani aliyemfikisha mtoto hapa. Asiposema, watatafuta pasipo na kitu wakati moyo ule unachelewa.

"Munyu," akasema. "Wa majivu. Kila siku."

Daktari hakumgombeza. Aliandika, akaeleza kwamba munyu una potasiamu nyingi, na kule kuharisha nako kuliukausha mwili, figo zilizochoka zikaelemewa.

Fridah aliunganishwa na mashine kwa mpira uliopitishwa shingoni, mara tatu katika siku tano. Siku ya nne mkojo ulirudi, kidogo, mwekundu kama chai ya rangi. Siku ya sita ulikuwa wa kawaida. Daktari alisema figo zimerudi karibu na pale zilipokuwa, hazijapona. Mashine isimame kwanza, kliniki iwe kila mwezi, na mboga zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena.

Jioni hiyo Rispah aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Ni mimi nilikuwekea," alisema.

"Najua, mama. Si mimi ndio nilikuwa naomba uongeze?"

Fridah akafumba macho. Rispah alibaki ameketi, kidole chake kwenye mshipa wa mkono wa bintiye, akihesabu.