Vikombe Sita kwa Siku

Modest Ambrosi aligeuza reli katika stesheni ya Kigwa kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kushika mkono wa chuma uliokuwa mwisho wa stesheni, upande wa Tabora, na kuuvuta au kuusukuma ili treni ifuate njia kuu au iingie njia ya pembeni. Kisha alisimama na bendera ya kijani mpaka behewa la mwisho lipite. Tangu mwaka 1933 hakuwahi kukosea. Sisi tuliofanya kazi naye hatukumsifu kwa hilo, kwa kuwa lilikuwa jambo la kila siku.

Mtu aliyekaa naye zaidi alikuwa Mfaume, fundi wa taa na ishara za treni, Mzaramo wa Kisarawe aliyehamishiwa bara akaoa Tabora. Modest, kama sisi, alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakipita Uzaramo na mizigo kichwani. Mtani hukutukana na huwezi kukasirika. Akiona kitu chako akakishika na kusema ni chake, huna la kufanya ila kumwachia.

“Babu yako alikuja kwetu na pembe la ndovu kichwani,” Mfaume alikuwa akimwambia asubuhi, “akarudi na shanga mbili. Mpaka leo shingo haijanyooka.”

“Alirudi na akili,” Modest alikuwa akijibu. “Shanga aliwaachia nyinyi, ndizo mnazotambia.”

Ilikuwa hivyo kila siku, na wakati mwingine masikio yetu yalichoka.

Novemba 1951 mke wa Modest, Tekla, aliugua homa siku nne, akafa. Hawakuwa na mtoto. Siku ya maziko Mfaume alifanya kazi ya mtani. Alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana shemeji yake Tekla hawezi kulala mahali ambapo mtani hajapajaribu kwanza. Watu walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Modest alikwenda bandani, akamleta jogoo, akamkabidhi. Hakucheka wala hakulia. Aliporudi mahali pake alipangusa manyoya yaliyobaki kwenye mkono wa koti.

Kuanzia siku ile hakumjibu tena Mfaume. Hakununa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema “Haya,” akaendelea na kazi. Mfaume alijaribu matusi ya zamani na matusi mapya. Mwishowe akawa anasalimia tu, na asubuhi za stesheni zikawa kimya.

Modest alikula alichokiona mbele yake. Mara nyingi ilikuwa chai ya rangi na konzi ya karanga za kukaanga, asubuhi na jioni. Mei alianza kushika tumbo. Juni alitapika kitu cheusi kando ya reli, tukampakia kwenye treni ya mchanganyiko, ya abiria na mizigo, mpaka Tabora. Alilala hospitali siku kumi na moja. Daktari, Mwingereza, alisema ni kidonda cha tumbo, akaandika karatasi, na dresa mmoja, msaidizi wake aitwaye Yahaya, akaiandika upya kwa Kiswahili. Asile pilipili, karanga wala ugali mgumu, na asinywe pombe. Anywe uji mwepesi, ale viazi vya kuchemsha. Anywe maziwa vikombe sita kwa siku, yaliyokamuliwa siku hiyohiyo na kuchemshwa.

Chini ya karatasi palikuwa na tarehe: Jumatatu, 29 Septemba 1952. Siku hiyo atapimwa. Alitoka hospitali akiwa na ratili mia na kumi na mbili. Akikutwa amepungua, ataandikiwa kwamba hafai tena kazi ya reli. Hilo lilimaanisha kuacha kazi na kuacha nyumba ya kazi, chumba kimoja na ua, ambamo kanga za Tekla zilikuwa bado zimetundikwa kwenye kamba. Modest hakuwa na nyumba nyingine.

Maziwa yalipatikana. Lugembe, mfugaji wa karibu na njia ya zamani ya misafara, alikubali kuleta chupa mbili kila asubuhi.

“Ya mtoto?” aliuliza siku ya kwanza.

“Yangu.”

“Wewe?” Lugembe alimtazama juu mpaka chini. “Haya. Kwetu wazee wanayanywa na wanakimbia kuliko ndama.”

Modest hakuwa amekunywa maziwa tangu alipoachishwa ziwa. Kwao walilima mtama na karanga, ng'ombe hawakuwapo. Aliyachemsha, akayapima kwa kikombe cha bati, akanywa yote sita. Usiku tumbo lilijaa upepo na kunguruma. Kulipokucha alikwenda chooni mara nne. Hakumwambia mtu. Aliona kwamba ndivyo dawa ilivyo.

Kila Jumamosi alipanda kwenye mizani ya magunia ya karanga iliyokuwa katika ghala la stesheni. Tarehe 5 Julai alikuwa na ratili mia na kumi na moja. Tarehe 26 Julai, mia na nane. Alishuka, akasema “Haya,” akarudi kwenye mkono wake wa chuma. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na mkanda ulikuwa umetobolewa tundu mbili mpya kwa msumari.

Mfaume ndiye aliyegundua, kwa sababu choo cha stesheni kilikuwa nyuma ya kibanda chake cha taa.

“Mtani, umehamia huku? Nikuletee mkeka?”

“Ni maziwa,” alisema Modest.

“Basi acha! Maziwa ni ya ndama. Umewahi kumwona ndama akinywa chai yako?”

Modest aliacha siku nne. Kuhara kulikoma. Lakini siku ya tatu maumivu ya kidonda, kama jiwe la moto, yalirudi chini ya kifua, na siku ya nne hakuweza kusimama wima na bendera. Akarudia vikombe sita. Alieleza jambo hili kwa sauti ileile aliyotumia kusema kwamba treni imechelewa.

Ijumaa tarehe 22 Agosti, saa nne na robo asubuhi, treni ya mizigo ilikuwa inakuja kutoka Tabora. Kwenye njia ya pembeni yalisimama mabehewa sita ya karanga. Asubuhi reli zilikuwa zimegeuzwa upande huo ili kuyaingiza, na Modest alitakiwa kuzirudisha njia kuu. Treni ilipiga honi mbali, na penye mkono wa chuma hapakuwa na mtu. Mfaume alikuwa juu ya ngazi anapangusa kioo cha taa. Alitazama, akaona bendera imelazwa chini. Aliruka, akakimbia pekupeku juu ya kokoto, akaushika mkono na kuusukuma kwa kifua. Reli ziligonga mahali pake. Treni ikaanza kupita kwenye njia kuu.

Modest alitokea chooni akifunga mkanda. Aliokota bendera, akaisimamisha mpaka behewa la mwisho lilipopita. Kisha akakaa chini.

Stesheni masta, Mhindi mtu mzima asiyependa maneno, alisimama mlangoni pa ofisi kwa muda. Hakuandika kitu kitabuni.

“Tarehe ishirini na tisa Septemba,” alisema. “Mpaka hapo utafagia ghala. Mfaume atashika reli.”

Jioni ile Lugembe alipita na chupa mbili ambazo asubuhi hakuwa na nafasi ya kuzileta. Modest alikuwa uani, akitaka kuwasha moto. Mfaume aliingia bila hodi, akazishika zote mbili kwa shingo.

“Hizi zangu.”

“Mtani,” alisema Modest, “daktari...”

“Daktari si mtani wako. Mimi ndiye. Nimeshika, zangu. Bisha!”

Modest hakubisha. Desturi haikumruhusu, na pengine hakuwa na nguvu. Alikunywa uji, akalala.

Siku ya tatu, Jumatatu, Mfaume alirudi na mkewe, Tatu. Alikuwa mwanamke wa Tabora mjini, mnene, mwenye sauti, na mama yake aliuza maziwa ya mgando sokoni miaka mingi. Alibeba kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba.

“Shemeji, maziwa yako haya,” alisema. “Yamelala siku tatu kwangu. Sasa yameshika adabu.”

Modest alitoa karatasi katika mfuko wa shati, akaikunjua. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo.

“Hapa imeandikwa yaliyokamuliwa siku hiyohiyo. Ya mgando hayakuandikwa.”

“Karatasi haiendi chooni, shemeji. Wewe ndiye unayekwenda.”

Mfaume aligeuza uso asicheke.

“Sikilizeni nyote wawili,” Tatu aliendelea. “Mama yangu alikuwa na wateja wasioweza kabisa kuonja yale mapya. Wanunuzi wa nta, makuli, hata mwalimu wa chuo. Ukiwapa mapya, wanalala na tumbo kama ngoma. Ukiwapa ya mgando wanakunywa kibakuli, wanaomba kingine. Kwa nini, mimi sijui. Nimeona tu.”

“Na kikirudi kidonda?” aliuliza Modest.

“Basi utakuja kunipiga. Lakini kwa mikono hiyo utaniumiza vipi?”

Waliondoka wakamwachia kibuyu. Kikombe cha bati kilikuwa juu ya meza, na karatasi kando yake. Mizani ya Jumamosi ilikuwa imesema mia na tano. Alikuwa na wiki tano. Akiendelea na karatasi, atafika hospitali akiwa mfupa mtupu na karatasi safi. Akiacha maziwa kabisa, tumbo litamchoma mpaka atapike tena. Aliyafikiri hayo yote kama mtu anayefikiri habari ya jirani. Kisha akamimina nusu kikombe. Yalitoka kwa mabonge. Aliyanywa kwa sababu kikombe kilikuwa tayari mkononi.

Usiku tumbo halikunguruma. Asubuhi alikwenda chooni mara moja. Alikunywa kikombe kizima mchana na kingine jioni, halafu akangoja kana kwamba anangoja treni ambayo haimo kwenye orodha. Haikuja, wala kuhara hakukuja. Chupa za Lugembe sasa zilipita kwanza kwa Tatu, na wiki ya pili alifika vikombe vinne. Vikombe sita hakuvifikia kamwe, na hakujilazimisha.

Tatu alipouliza yana ladha gani, alijibu, “Sijui.” Haikuwa dharau. Tangu Novemba hakujua ladha ya kitu.

Tarehe 6 Septemba, mia na saba. Tarehe 20, mia na kumi na mbili. Tarehe 27, mia na kumi na tano. Alishuka kwenye mizani, akauliza kama chuma cha mizani kimefutwa vumbi. Kilikuwa kimefutwa.

Jumatatu alipanda treni kwenda Tabora, na Mfaume akaomba ruhusa ya siku moja kumsindikiza. Kwenye benchi la hospitali walikaa karibu na mtu wa karakana ya reli, kijana bado, amekonda, naye ameshika karatasi ya maandishi yaleyale. Alisema kwa sauti ya chini kwamba maziwa yanamharisha tangu Julai, lakini hathubutu kumwambia daktari, asije akaambiwa kwamba hafuati masharti.

Yahaya, yule dresa, alimwita Modest ndani, akampima kwanza.

“Mia na kumi na tano! Umefanya vizuri, mzee,” alisema, kisha akanong'ona, “Akiuliza, wewe sema ndiyo tu. Ana watu thelathini nje.”

Daktari alibonyeza tumbo, akasema maneno, na Yahaya akatafsiri: “Anauliza, umekunywa maziwa kama alivyoandika?”

Mlango ulikuwa wazi. Yule wa karakana alionekana kwenye benchi, amekunja karatasi yake mpaka ikawa ndogo kama tiketi. Modest alimtazama, akatazama mizani.

“Mwambie sikunywa kama alivyoandika,” alisema. “Yale mapya yaliniharisha, nikapungua, nikaacha reli bila mtu. Yaliyoniponya ni ya mgando, vikombe vinne. Na yule kijana pale nje ana taabu ileile, anaogopa kusema.”

Yahaya akatafsiri, kwa kirefu kuliko Modest alivyotarajia. Daktari aliacha kuandika. Aliuliza mgando ndio nini. Akaelezwa. Alikaa kidogo akigongagonga kalamu mezani, akauliza yanawekwa siku ngapi na katika chombo gani, akaandika mistari mitatu kwenye faili na mmoja kwenye karatasi ya reli. Yahaya aliusoma kwa sauti: anafaa kurudi kazini. Halafu daktari akaashiria aingie yule wa benchi.

Walirudi Kigwa kwa treni ya jioni. Modest alikaa dirishani, kofia juu ya magoti. Walipokaribia daraja dogo, Mfaume alitoa chupa kwenye kikapu. Tatu alikuwa amewafungia maziwa ya njiani. Modest alikunywa, akakunja uso, akaitazama ile chupa.

“Yana moshi,” alisema.

“Nini?”

“Kibuyu mmekifukiza kupita kiasi. Yananuka kama jiko la Mzaramo.”

Mfaume alimgeukia. Abiria mmoja aliyekuwa mbele alidhani Mfaume ametukanwa, akageuka kuona ugomvi.

“Tatu ni wa Tabora,” Mfaume alisema mwishowe, taratibu.

“Basi kajifunza kwako.”

Mfaume aliichukua chupa, akaifunga kizibo, akageukia upande wa pili na kujipangusa uso kwa mkono wa shati.

Asubuhi ya tarehe 30 treni ya mizigo ilikuja kutoka Tabora saa nne na robo. Modest alisukuma mkono wa chuma, akasikia reli zikigonga mahali pake, akainua bendera.