Kwa Nini Mfupa Wangu Ulikuwa Mwepesi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyovunjika mkono kwa kuvuta mlango wa kabati. Sikuanguka wala sikugongwa. Mlango ulikuwa umekwama kwa unyevu wa mvua, nikajisahau, nikauvuta kwa mikono yote miwili, nikasikia kitu kikilia ndani ya kifundo cha mkono wa kushoto. Nikaketi sakafuni nimeushika, na kabla hata ya machozi swali likanijia: mfupa wa msichana unavunjikaje kwa jambo dogo hivi?

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nashona sare za shule mjini Kitale. Siku moja pikipiki niliyopanda iliteleza kwenye matope karibu na mji wa Moi's Bridge, nikaangukia kiwiko cha kushoto. Jeraha lilipona, lakini neva inayopita hapo, ile inayopeleka habari kati ya ubongo na mkono, ilikuwa imeumia. Vidole viwili vikafa ganzi, na sehemu iliyobaki ikawaka kama imepakwa pilipili. Hata mkono wa blauzi ukinigusa niliumia. Basi nikaufunga mkono kifuani kwa leso, nikaacha cherehani, nikarudi Bungoma kwa senge, dada ya baba yangu. Kila aliyekuja kuniona aliniambia nipumzike. Nikapumzika, mwezi baada ya mwezi.

Baada ya mkasa wa kabati, Senge alinipeleka hospitali. Daktari alikuwa mama wa makamo, haongei haraka. Aliagiza mikono yote miwili ipigwe picha, hata ule mzima, kisha akaziweka pamoja mbele ya taa. Mfupa wa kulia ulikuwa mweupe, umeshiba. Wa kushoto ulikuwa umefifia kama uji mwepesi.

"Hii ni mikono ya watu wawili?" Senge akauliza.

"Yote ni yake, mama."

"Lakini si mfupa ni kama jiwe tu? Ati jiwe linapungua likiwa limekaa?"

Daktari akavuta kiti, akaketi nasi. Akatuambia mfupa uko hai, na kila siku mwili unaubomoa kidogo na kuujenga upya. Msuli ukiuvuta, mfupa unajua kuna kazi, unajengwa. Mkono ukikaa bure, kubomoa kunaendelea na kujenga kunazubaa. Tena neva zenyewe zinaingia mpaka ndani ya mfupa, na zikiumia, kazi hiyo inaweza kuvurugika.

"Kwa hivyo wewe umepigwa mara mbili," akaniambia. "Neva imeumia, halafu maumivu yamekukataza kusogeza mkono. Si kosa lako. Mtu yeyote angeuficha."

Senge alikuwa bado anatazama zile picha. "Tulikuwa na ng'ombe," akasema, "alichechemea mguu wa nyuma miaka mingi. Tulipomchinja, mfupa wa huo mguu ulikuwa mwepesi, nikashangaa. Nikafikiri ni mimi tu nimeona vibaya."

"Uliona vizuri, mama."

Mimi nikauliza lile lililonitisha. "Daktari, nitashona tena?"

"Sitakuahidi. Tutaanza na maumivu, kwa sababu hayo ya neva yana dawa yake, na hizi tembe za kuumwa kichwa unazomeza haziyafikii. Ukipata nafuu, tutaurudisha mkono kazini polepole."

Mkono ulifungwa plasta ngumu ili mfupa uunge, na ilipotolewa nilipewa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilianza kwa kukamua kitambaa ndani ya maji ya uvuguvugu, baadaye nikakanda unga wa chapati. Senge aliketi mbele yangu akivitazama vidole kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike. "Hicho cha mwisho kimesogea, ama ni macho yangu?" Siku nyingine nililia, tukaacha, kesho yake tukaanza tena.

Picha zilizofuata zilionyesha mfupa umeongezeka. Haukuufikia wa kulia, na vile vidole viwili vina ganzi mpaka leo. Lakini nilirudi Kitale, nikajifunza kushika kitambaa kwa vidole vitatu, nikashona miaka mingi, na kwa kushona huko nikalea watoto.

Basi, mwanangu, maumivu yakikaa nawe muda mrefu baada ya kidonda kufunga, usiyazoee kimya kimya. Nenda ukaseme yako wapi na yanakukataza nini. Uliza habari za neva, kisha uliza na za mfupa, maana mfupa huisha bila kukuambia. Usiulazimishe mkono kwa hasira, wala usiufungie daima. Tafuta wa kukuonyesha kiasi. Na ukiona jambo la ajabu mwilini mwako, usione haya kuuliza, hata swali likionekana la kitoto.

Mungu akupe mifupa imara na watu wa kuketi nawe siku unazolia. Akupe pia kazi ya mikono yako, na nguvu ya kuifanya.