Yasmini ya Mama, Tumbaku ya Baba

Baba yangu, Libérat, hakuwahi kuliacha ua lichanue. Wakulima wa tumbaku wa Katumba ndivyo walivyo: mmea ukianza tu kutoa maua unayakata, nguvu irudi kwenye majani. Baba alipita mstari mzima akipiga soga, vidole vyeusi kwa utomvu vikikata vyenyewe.

Mama, Vénérande, alikuwa na yasmini moja. Tawi lake alipewa na mwanamke muuza dagaa wa Karema, akalipanda kwenye kopo la mafuta lililotobolewa chini. Nje mbuzi wangeimaliza siku hiyohiyo, kwa hiyo ilikaa sebuleni karibu na dirisha, juu ya kigoda ambacho hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukikalia. Mama aliinywesha maji ya kuoshea mchele na kuipangusa majani, moja moja, kwa kitambaa chenye unyevu. Niliionea wivu. Mimi sikuwahi kupanguswa uso kwa upole ule.

Ila ilikuwa haijachanua hata mara moja, na mwaka ule wa 1996 nilikuwa naolewa Mpanda mjini baada ya Pasaka. Nyumba yetu ilinuka tumbaku, blanketi zilinuka tumbaku, hata uji. Mama alikuwa ameapa kwamba binti yake, Spès, hatatoka kwa wazazi akinuka bani la kukaushia majani. Nitatoka na yasmini kwenye nywele. Hayo tuliyajua sisi wawili tu. Mambo ya nywele hakuona sababu ya kumweleza mwanamume.

Mwezi wa tatu vitumba vikatokea, vingi, vyeupe. Mama akawa anavisalimia asubuhi kabla ya kutusalimia sisi.

Jioni moja alirudi kutoka kwaya akamkuta baba ameketi kando ya kopo, ameridhika kabisa. Alimweleza kwamba amemsaidia: ameona anavyoyahangaikia majani yake kila siku, na yale maua yalikuwa yameanza kuunyonya mmea. Vitumba vyote vilikuwa sakafuni, amevikusanya pembeni vizuri.

Mama alivipita vitumba, akaingia jikoni. Alipika, akapakua, akaenda kulala. Baba ndipo akaniuliza amekosa nini, nami nikamweleza bila kumhurumia. Nilipoona uso wake unavyonywea, nilijuta ukali wangu. Maskini, alikuwa amempa mke wake kazi bora kuliko zote alizozijua.

Haikupita muda majirani wakaanza kumcheka. Mstari mmoja wa tumbaku, ule wa kando ya njia, aliuacha bila kuugusa, ukachanua maua ya rangi ya waridi mbele ya kijiji kizima. Rafiki yake Kassiani alikuja kuuliza kama anaumwa. Baba alijibu kwamba ni mzima na aachwe na shamba lake.

Asubuhi ya harusi aliingia amekumbatia fungu la maua hayo, mikono imelowa umande. Alimpa mama, si mimi.

“Mama Spès,” alisema, “haya niliyangoja mpaka yakafunguka.”

Mama aliyanusa, akacheka mpaka akashika ukuta.

“Libérat, hata maua yako ni tumbaku.”

Kisha akaanza kunichomekea kwenye nywele, taratibu, huku akijifuta machozi kwa kiwiko. Nilitoka kwa wazazi wangu nikinuka tumbaku, kichwa juu.