Siku Niliyomtoa Baba Mkwe Kwenye Grupu la Silaha za Kale

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Baridi na manyunyu tangu alfajiri, Mlima Meru haujaonekana.

Leo nimemtoa baba mkwe wangu kwenye grupu la simu. Sijui kama nimetenda haki au ujinga; shule yangu iliishia la saba.

Grupu letu ni la wanaotunza silaha za kale: mikuki, ngao, sime. Nilipewa kulisimamia kwa kuwa nina mkuki mmoja tu, wakasema sina cha kutetea. Sheria yangu ni moja: sema chuma, usimseme mwenye chuma. Anayetukana anatolewa siku tatu.

Asubuhi kijana mmoja wa Themi, fundi simu, alituma picha ya sime kwenye ala nyekundu. "Ya marehemu babu."

Baba mkwe, aliye Oldonyo Sambu na ndiye aliyetufundisha wote kutambua kazi za wahunzi, akajibu: "Hiyo imezaliwa sokoni Kwa Mrombo juzi. Ala bado inanuka mbuzi."

Hapo sawa, alisema chuma.

"Shikamoo mzee. Njoo uishike kwanza ndiyo useme."

"Nishike nini? Babu yako alikuwa na panga la kukatia majani ya ng'ombe wa watu. Ukoo wa waongo nyie."

Nikaandika, "Baba, naomba ufute." Akatuma sauti, anacheka tu.

Kijana akanigeukia: "Admin, mwezi uliopita mimi ulinitoa kwa neno moja. Au nije nioe kwenu kwanza?"

Kweli nilimtoa. Na kwetu kiti cha mkwe hukikalii hata akiwa safarini. Nilishika simu mpaka chai ikapoa, kisha nikabonyeza. Grupu zima likasoma kwamba nimemtoa.

Mchana nilikwenda Themi nikaishika ile sime. Karibu na mpini kuna alama za meno ya tupa. Zamani wahunzi walifua sime kutokana na tupa zilizokwisha makali. Makali yamelika kwa kunolewa miaka. Ni ya kale. Ila ala ni mpya, kijana alikiri mwenyewe: ya kwanza ililiwa na panya, hii kanunua Kwa Mrombo. Basi baba mkwe alipatia nusu. Niliandika hivyo grupuni, ingawa mwenyewe hayupo kusoma.

Nikampigia. "Shikamoo baba."

"Marahaba, admin." Akakata.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Umemfukuza baba yangu mbele za watu kwa kipande cha chuma?"

"Sijamfukuza. Ni siku tatu tu."

"Haya. Na wewe siku tatu."

Sikumwelewa mpaka jioni. Yeye na watoto wamekula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando ya ng'ombe wa baba yake. Mimi nimepakuliwa mahindi matupu.