Kamba ya Yadi Kumi

Enzi zetu sisi tuliokulia Lushoto chini ya Mwingereza, ukimuuliza mtu mahali fulani ni mbali kiasi gani, hakukujibu kwa maili. Alikujibu kwa miguu. Kushuka Mombo kulikuwa karibu, kupanda kutoka Mombo kulikuwa mbali, na barabara ni ile ile moja. Hakuna aliyeona ajabu. Mama yangu alikuwa na mashamba mawili, la chini na la juu, na kila siku aliapa kwamba la juu lilikuwa mbali mara mbili, ingawa ukisimama mlangoni kwetu uliyaona yote mawili yamekaa sawasawa kama ndugu.

Kwa hiyo watu walimshangaa sana baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Tate kwa Kishambaa chetu. Yeye alikula mshahara kwa kutaja umbali. Alikuwa mchukuzi wa fimbo katika kiwanja cha gofu cha Wazungu, na bosi wake, mkuu wa kiwanja, tulimpachika jina la Bwana Yadi kwa sababu neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni lilikuwa "yadi ngapi?" Tate hakuwahi kukaa darasani, lakini alitazama bendera ya shimo, akatazama vilele vya mikaratusi vinavyoyumba, akarusha majani makavu hewani kuona yanaelekea wapi, kisha akasema mia na arobaini. Kama ni mlima aliongeza kidogo, kama ni mteremko alipunguza. Alitufundisha siri moja: mtu akisimama kando ya bendera ukaona vidole vyake, ni karibu, ukiona mikono bila vidole, chukua fimbo ndefu, ukiona shati tu, omba Mungu.

Sisi watoto tuligeuza kazi yake kuwa mchezo. Tukitoka shule, matumbo yamejaa plamu mbichi tulizochuma bila ruhusa, tulikadiria hatua kutoka jiwe hadi mti, kisha tukahesabu. Aliyekosea sana aliteka maji zamu ya mwenzake. Mdogo wangu Hoza aliteka maji mwaka mzima. Watoto wa leo mchezo wao uko kwenye kiganja, wanacheza wamelala chali, na wakiinuka wanalalamika mgongo.

Basi nikiwa darasa la tatu, macho ya Tate yakaanza kuingia ukungu. Mama alijua, mimi nilijua kwa sababu alianza kunipa sindano nimtungie uzi, wengine hawakujua. Kiwanjani aliendelea kutaja yadi bila kukosea, maana mashimo yote alikuwa ameyakariri kama sala. Hofu yake ilikuwa moja tu. Bwana Yadi akigundua, Tate atakosa kazi, na aliyekosa kazi mlimani aliteremka kwenye mashamba ya mkonge. Wanaume wa kwetu waliotangulia huko walirudi na homa, na wengine hawakurudi.

Kisha Bwana Yadi akachimba shimo jipya. Alilikata ng'ambo ya korongo, upande huu unapiga, upande wa pili kuna bendera, katikati bonde lenye kijito. Lilikuwa la kumkaribisha mgeni kutoka Nairobi, mchezaji wa kulipwa. Hilo lilitusumbua sana watoto, mtu mzima kulipwa kwa kucheza. Mama alisema labda ni mgonjwa na wanamtuliza.

Shimo hilo Tate hakuwahi kuliona kwa macho mazima. Jioni moja aliniita nyuma ya nyumba akaniambia niende na Hoza alfajiri, kabla ya Wazungu kuamka, nikampimie. "Usimwambie mtu," akasema. "Na usibahatishe."

Sikubahatisha. Nilichukua kamba ya mgomba nikaenda nayo dukani kwa Mhindi, na Mama aliponunua kaniki nikaomba kuipima kwenye rula yake ya kupimia vitambaa. Yadi kumi kamili, nikafunga fundo. Alfajiri mimi na Hoza tukaanza kazi, yeye anashika mwisho mmoja, mimi natangulia na mwingine, umande unatukata miguu. Kwa kila kamba tuliweka punje moja ya mahindi ya kukaanga mfukoni kwa Hoza, mpaka nilipogundua kwamba Hoza anakula hesabu. Tukarudi mwanzo, safari hii kwa kokoto. Tukashuka nayo korongoni, tukavuka kijito, tukapanda ng'ambo ya pili, kamba imelala chini vizuri, hatukuiba hata inchi. Kokoto kumi na nane. Nikamwambia Tate mia na themanini, naye akanishika kichwani akasema nimekuwa mtu mzima. Siku nzima darasani sikusikia neno la mwalimu kwa furaha.

Siku ya mchezo ukungu ulijaza korongo mpaka ukingoni. Watoto tuliruhusiwa kukaa kwenye mteremko, upande wa bendera, mradi tusikohoe. Mgeni alikuwa mtu mfupi mwenye kofia, na Tate ndiye aliyembebea fimbo. Niliona anarusha majani kama Tate, anatazama mikaratusi kama Tate. Akachomoa chuma namba saba, fimbo ya karibu. Kisha akamuuliza Tate, na Tate akamjibu, naye akasita. Akakirudisha kile, akachukua namba tatu, fimbo ya mbali.

Mpira ulipita juu ya vichwa vyetu. Ulipita juu ya bendera, juu ya ua, ukaenda kutua kwenye kabichi za misheni, na tuliusikia ukipasua kabichi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliutazama mpira ule ulikopita, juu kabisa, haukushuka korongoni wala haukuvuka kijito. Mimi nilikuwa nimepima njia ya mbuzi. Ng'ambo ya pili nikamwona Bwana Yadi amekuwa mwekundu, mkono wake unaelekeza barabara ya kushuka, na Tate amesimama na mkoba wa fimbo begani. Hakunyoosha kidole upande wetu kusema binti yangu ndiye aliyepima.

Nikakimbia. Nikateremka korongoni ndani ya ukungu, nikaanguka kijitoni, nikapanda. Nilipofika sikuwa na pumzi, na kwa malezi ya wakati ule, hata nyumba ikiungua, unaanza na salamu. Nikampa shikamoo Bwana Yadi, nikampa shikamoo mgeni, nikampa Tate, nikawapa na wachukuzi wengine wawili, mmoja mmoja, huku nahema. Mjukuu wangu leo angeanza na "oyaa".

Kisha nikasema kosa ni langu, nikaeleza kamba, nikaeleza kijito. Nilipokuwa naeleza nikajua ninaeleza pia kwa nini Tate hakupima kwa macho yake, na machozi yakanitoka hapo hapo. Bwana Yadi akamtazama Tate usoni, machoni, kwa muda mrefu.

Mgeni alicheka mpaka akavua kofia. Hakunicheka kwa ubaya. Akanigeuza nitazame bendera, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Wewe naona ngapi, kama ndege?"

Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo. Hoza alikuwa amesimama kando ya bendera, ameachama. Niliona mikono yake, na vidole niliviona kwa shida. Nikasema mia na thelathini. Mgeni akamgeukia Tate kumuuliza yeye anaonaje.

"Akisema mia na thelathini," Tate akasema, "ni mia na thelathini."

Mgeni akachukua namba saba. Mpira ulitua mahali ambapo Hoza alilazimika kuruka. Sitasema uliingia shimoni, tusidanganyane uzeeni.

Tate alimaliza mchezo siku ile nikiwa pembeni yake, mimi nanong'ona, yeye anatangaza. Baada ya hapo fimbo alipewa mwingine, naye Bwana Yadi akamweka kukata majani ya kiwanja, kazi ambayo mkono unaona wenyewe. Mshahara ulipungua. Mkonge hakwenda. Aliendelea nayo mpaka mwanga ulipomwishia kabisa, na mimi ndiye niliyemshika mkono miaka yote hiyo.

Siku hizi mjukuu wangu ana simu inayopima kila kitu. Alipokuja likizo kutoka Dar ilimwambia kwamba kwenda kwa mdogo wangu Hoza, aliyejenga juu pale kwenye shamba la Mama, ni dakika kumi na tano. Alifika baada ya saa nzima, ulimi nje, kwa kuwa simu haikumwambia kuna mlima. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliporudi aliitukana, akaizima, akasema haiamini tena. Kosa moja tu. Nikamtazama, nikamkumbuka Tate amesimama ukingoni mwa lile korongo, haoni bendera, haoni hata uso wangu sawasawa, nimetoka kumharibia kazi muda mfupi tu uliopita, na bado ananiamini mbele ya watu wote.