Milioni Moja na Tatu

Baba alifundisha hesabu shule ya msingi hapa Mpanda mpaka akastaafu, na namba aliyoipenda kuliko zote ni milioni moja na tatu. Ni namba tasa: haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Kitabu kingetosha kutuambia hivyo, lakini baba hakuamini kitu ambacho hajakigawa mwenyewe.

Kwetu Kasokola karanga za mbegu hazipitishwi kwenye mashine, zinapasuka. Mvua zikikaribia, nyumba nzima inakaa kuzimenya kwa vidole. Ndipo baba alipokuwa ananipa namba tasa moja kila jioni, niitumie kuigawa ile milioni yake kichwani, nikishindwa nichore chini kwa kijiti. Saba inabakiza nne. Kumi na moja, nne. Kumi na tatu, nne tena! Nilikasirika, nikajua nimekosea mahali, kumbe sikukosea. Mama akacheka: "Hiyo namba yenu inaliwa na ugali?"

Hatukuwa na haja ya kuvuka elfu moja. Elfu mara elfu ni milioni, kwa hiyo kama namba mbili zinazidishana kufika pale, moja lazima iwe chini ya elfu. Tulikwenda hivyo msimu baada ya msimu. Ikabaki ya mwisho, mia tisa tisini na saba, na mimi nikaolewa Kabungu. "Hiyo ni kiporo chako," baba akasema. "Tutaifanya ukirudi." Nilirudi mara nyingi tu, lakini mara kuna kilimo, mara msiba, mara wageni.

Mwaka huu akapigwa na kiharusi. Mkono ulirudi, mdomo ulirudi, ila watu wakampotea. Mama akanipigia simu: "Njoo tuone kama wewe atakujua. Mimi ananiita dada."

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa adabu, vile anavyomwitikia mgeni. Iliniuma. Nikavuta ungo wa karanga, nikakaa karibu yake nikaanza kumenya, naye akaanza kumenya. Nikasema, "Baba, hivi milioni moja na tatu ukiigawa kwa mia tisa tisini na saba?"

Vidole vyake vikasimama. Hakukawia.

"Inaingia mara elfu moja na tatu, inabaki kumi na mbili. Kwa hiyo ni tasa, basi, imekwisha."

Jamani, nilifurahi! Nilimgeukia mama, mama naye ameshaacha kazi anatutazama.

Baba akaniinamia, akapunguza sauti. "Ila usimwambie mtu, mama yangu. Hiyo nimemwekea binti yangu. Yuko njiani, anatoka Kabungu."

"Sitamwambia mtu, baba," nikasema, nikaendelea kumenya.